Naomba ushauri: fimbo ya pool ya oda, nitumie mti gani?

FundiNgamiani:
Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi wa kukereza hapa Tanga, kila siku ni miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Kuna kijana anacheza pool vizuri sana, anataka fimbo yake mwenyewe: vipande viwili vya kufunga kwa skrubu, uzito gramu 540, kichwa milimita 13. Fimbo za vijiweni kwetu nyingi zimepinda, na mchezaji wa kiwango chake inaniuma kumwona anapigia fimbo hizo. Mninga ninao, mpingo naupata. Natamani shina lote, yaani kipande cha nyuma cha kushikia, liwe mpingo, ukishapita msasa laini unang'aa wenyewe. Inafaa? Na kipande cha mbele je?

Mpingo_Mkavu:
Fundi, shina lote la mpingo usithubutu. Shina la sentimita 74 lenye unene wa wastani wa milimita 27 linakaribia nusu kilo. Weka kipande cha mbele, gramu 110 hivi, na skrubu, tayari umepita 600. Ukitumia mninga mtupu unaishia 400 na kitu, nyepesi mno. Nusu ya chini iwe mpingo, nusu ya juu mninga, uunge kwa skrubu na gundi ya epoksi. Hapo unaangukia karibu na 540, na fimbo itasimama sawa kidoleni kwenye sentimita 46 hivi kutoka mkiani. Wachezaji wengi wanapapenda hapo. Mpingo una mafuta, ufute kwa spiriti kabla ya gundi.

BintiChumbageni:
Kipande cha mbele ni mepo (maple), kaka. Mti mgumu, mweupe, nyuzi zimenyooka. Ila usiukereze kwa siku moja! Punguza milimita moja, tundika wima wiki kadhaa, punguza tena. Kila ukikata, mti unajinyoosha au unajipinda upya, na unyevu wa bahari yetu hii hausamehe. Ukijipinda njiani, weka kando, usiulazimishe.

FundiNgamiani:
Shukrani dada. Mteja anaitaka mwezi ujao lakini.

BintiChumbageni:
Basi tafuta fimbo nzuri ya kipande kimoja, ya mepo, iliyokwisha kutulia. George Balabushka, fundi mkubwa wa Marekani aliyeanza kazi hii mwaka 1959, fimbo zake nyingi za mwanzo zilitokana na fimbo za kipande kimoja za kampuni ya Brunswick, akizikata na kuzitia skrubu. Ibiringishe mezani: kichwa kikirukaruka, iache. Halafu angalia nyuzi, zikikimbilia pembeni kabla ya kufika kichwani, iache pia hata kama leo imenyooka.

FundiNgamiani:
Nimekuelewa. Jioni napita vijiwe vya Makorora kutafuta ya kununua. Ya mepo mpya nitaianza pembeni taratibu, na kijana nitamwambia mapema kwamba hiyo itachukua miezi.

Mpingo_Mkavu:
Pima kila kipande kwenye mzani kabla ya gundi, mkuu. Mpingo hautofautiani sana, mninga ndio unatofautiana mti kwa mti.