Masta ya maji: nianze na Chevening, EPOS ya DAAD au Marekani?

Chemchemi: Wakuu, habari za leo. Nataka kusoma masta ya rasilimali za maji kuanzia mwakani. Kwa ratiba yangu ya kazi naweza kuandaa maombi mawili kwa uhakika, siyo matatu. Nipo kati ya Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza), EPOS (ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti), na kuomba vyuo vya Marekani moja kwa moja kwa nafasi ya msaidizi wa utafiti. Kipi nikiache?

Msomaji wa Faili: Mkuu, hujasema GPA (wastani wa alama), miaka tangu uhitimu, muda wa kazi, wala kama una pasipoti. Bila hayo tunabahatisha. EPOS wanataka shahada ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka 6, na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2. Chevening wanahesabu saa: 2,800, sawa na wiki 70 za saa 40. Kujitolea kunahesabiwa, lakini fildi ambayo ni sehemu ya lazima ya digrii haihesabiwi. Wengi huijumlisha wakadhani wametosha.

Chemchemi: Samahani. GPA 3.8 kwa 5, UDSM. Huu ni mwaka wa tano tangu nihitimu. Nina miaka mitatu na nusu kwenye mamlaka ya maji ya mkoa. Pasipoti ipo, IELTS (mtihani wa Kiingereza) bado.

Kalamu Nzito: Basi EPOS kwanza, maana ndiyo inayokufungia mlango. Chevening itakungoja hata baada ya miaka mitatu.

GPA isikutishe. Wajerumani hugeuza hivi: alama ya juu kabisa toa yako, gawanya kwa alama ya juu toa alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Yako: 5 toa 3.8 ni 1.2, 5 toa 2.0 ni 3. Jibu ni 2.2. Kwao namba ndogo ndiyo nzuri, na kozi nyingi hukata kwenye 2.5. Ukikosea ukaweka 1.0 kama alama ya kufaulu unapata 1.9, na wakaguzi wakiona wanaanza kutilia shaka na mengine. Skani pia ukurasa wa transkripti wenye viwango vya alama.

Halafu maombi ya EPOS hayatumwi DAAD. Yanakwenda chuoni, kozi kwa kozi, na kila kozi ina tarehe yake. Mwisho ni kozi tatu, uzipange kwa kipaumbele kwenye fomu.

Pwani Yetu: Mnamnyima Marekani bila sababu. Kule hulazimiki kuwa na miaka ya kazi, na vyuo vingi vimeacha kudai GRE, ule mtihani wa kuingilia masomo ya juu. Kinachobeba ni insha na barua tatu za mapendekezo.

Kalamu Nzito: Pwani, fedha za msaidizi wa utafiti huenda kwa wa PhD kwanza. Wa masta wengi hupata udahili bila ufadhili, na udahili bila ufadhili kwa mtumishi wa mamlaka ya maji ni karatasi tu. Angekuwa anataka PhD ningekuwa upande wako.

Pwani Yetu: Ndiyo maana anaanza kumwandikia profesa Agosti, kabla ya kulipa ada ya maombi. Aya tatu: umesoma kazi yake ipi, wewe una data gani, unauliza kama ana nafasi. Asipojibu, chuo hicho unakiacha.

Msomaji wa Faili: Kabla ya insha, angalia majina. Kuna faili moja nililopitia, mwombaji ana GPA kubwa kuliko yako. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, transkripti mawili, pasipoti matatu lakini la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti. IELTS hufuata pasipoti. Chuo kikaandika kuuliza kama hawa ni watu wawili. Akaenda kwa wakili kuapa. Hati ya kiapo ikatoka kwa Kiswahili, ikahitaji tafsiri, na wakili wa kwanza alikuwa ameruka herufi ileile inayobishaniwa. Akarudia. Ilipokamilika dirisha lilikuwa limefungwa siku nne. Hakuna aliyefika kusoma insha yake. Weka vyeti vyote mezani leo, linganisha herufi kwa herufi.

Kalamu Nzito: Na insha isianze na "maji ni uhai". Anza na kazi yako. Kwa mfano upotevu wa maji: saa 8 hadi saa 10 usiku watu wamelala, kwa hiyo mita ya kanda ikionyesha mtiririko mkubwa muda huo, bomba linavuja. Sema ulisoma mita gani, ukakuta nini, hesabu gani ilikushinda, na kozi gani inafundisha hesabu hiyo. Mhadhiri wa chuo cha Stuttgart, Ujerumani, akisoma hivyo anajua anazungumza na mtu wa maji.

Mtoka Arusha: Mbona hamtaji Afrika? PAUWES ipo Tlemcen, Algeria, ni taasisi ya maji na nishati ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, na Umoja wa Afrika unafadhili. Chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha nacho kipo.

Pwani Yetu: Tlemcen darasani ni Kiingereza au Kifaransa, lakini sokoni ni Kiarabu na Kifaransa. Amwambie na hilo.

Mtoka Arusha: Ujerumani sokoni wanaongea Kiingereza?

Chemchemi: Nashukuru sana. Nimeangalia vyeti, transkripti haina jina la katikati. Na barua ya mwajiri kwa ajili ya EPOS, meneja anataka kuituma kwa barua pepe tu. Inafaa?

Msomaji wa Faili: Haifai. Karatasi yenye nembo ya ofisi, sahihi, mhuri na tarehe ya karibuni, kisha uiskani. Akikuandikia "ni mchapakazi na ana nidhamu", mrudishie kwa heshima na karatasi ya kazi tatu ulizofanya. Na kuhusu jina, nenda ofisi ya msajili kwanza. Wakati mwingine wanatoa barua ya uthibitisho.

Mtoka Arusha: Msajili yupi, wa chuo au RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa?