Viwavi kwenye mlimao wangu, nipulizie dawa au niwaache?

MamaBustani_Kimara: Wakuu habari za jioni. Nina mlimao mdogo kwenye ndoo nje ya jiko, kila siku mida ya saa nne asubuhi anakuja kipepeo mkubwa mweusi ana madoa ya njano, anazunguka anagusa jani anaondoka anarudi, mi nakaa namwangalia hadi chai inapoa. Sasa juzi nimeona kwenye majani vidude vya kahawia vina weupe kati nikajua kinyesi cha ndege, kumbe vinatembea! Jirani kasema nipulizie dawa mapema mti utaisha. Nifanyeje?

Mchungwa_Muheza: Dada usipulize!! Hao ndo watoto wa huyo huyo kipepeo wako. Pale alikuwa anataga, anaonja jani kwa miguu, akijua ni la mlimao au mchungwa anabandika yai moja la njano hafifu dogo kama kichwa cha pini. Kufanana na kinyesi ni ujanja ndege wasimle, akikua anageuka kijani. Hebu mguse kidogo, anatoa pembe mbili nyuma ya kichwa na harufu kali. Ila jirani naye hajakosea sana, mche mdogo wanaweza kuubakiza vijiti, sisi wa michungwa tunalijua hilo, kwa hiyo acha wawili, wengine wahamishie mti mkubwa.

Kilifi_Mjukuu: Naongezea. Huku Gede, pwani ya Kenya, kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, watu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi wanauza pupa (kiwavi akishajifunga kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo) zinaenda ng'ambo, kwa hiyo huku kiwavi ni mali. Ukiona ameacha kula anatangatanga usimrudishe, anatafuta pa kujifunga. Pupa inashikwa na uzi mwembamba kiunoni, kama fundi wa stima na mkanda wake juu ya nguzo. Ngoja kama wiki mbili, ikianza kuwa nyeusi na rangi za mabawa zinaonekana ndani, kesho yake amka mapema.

MamaBustani_Kimara: Nimemgusa jamani, pembe zimetoka kweli!! Wako watano, wawili nabaki nao, mwanangu kashawapa majina, watatu nawapeleka kwa bibi mtaa wa pili ana mchungwa mkubwa, nimeshamuomba kakubali. Sasa wakitoka nipande maua gani wasiondoke?

Mchungwa_Muheza: Zinia, zinachanua haraka. Na weka sahani ya mchanga uloweshe maji, madume wanapenda kunyonya chumvi kwenye tope.