Saiti ya mbele: niifunge kwenye reli ya hendigadi au kwenye mtutu wenyewe?

Chalii_wa_Njiro:
Habari za jioni wakuu. Nina raifo yangu ina hendigadi (kile kishikio cha mbele kinachozunguka mtutu) ya alumini, frii-floti, yaani imeshikwa huku nyuma tu kwenye risiva (kiwiliwili cha bunduki ambamo bolti inatembea) na haigusi mtutu popote. Darubini nataka kuitoa nitumie saiti za chuma, zile za kulengea bila lenzi. Ya nyuma haina shida, itakaa kwenye reli juu ya risiva. Kasheshe ni ya mbele. Reli ya juu imeenda mpaka mwisho wa hendigadi, kwahiyo naweza kuibana pale kwa skrubu moja nikamaliza kazi, au nimpe fundi aifunge kwenye mtutu karibu na mdomo. Ipi itanipa shabaha nzuri zaidi? Duka linataka jibu wiki hii ndio waagize, maana urefu wa saiti ya reli na ya mtutu sio mmoja. Nisaidieni.

Mangi_Kibosho:
Kaka hujasema raifo gani, risasi gani, unapiga nini na umbali gani. Halafu kubwa kuliko yote, ukilenga unaegemea wapi? Mkanda wa bunduki, baipodi (miguu miwili ya mbele), fimbo ya kuegemezea bunduki au mkono mtupu? Bila hilo kila mtu hapa atakujibu la kwake.

Mzee_wa_Simanjiro:
Mimi nakwambia uza hiyo raifo, tafuta CZ 550 au Mauser ya zamani yenye saiti zake kwenye mtutu toka kiwandani. Saiti ya V pana nyuma, shanga (kidoti cha kulengea) mbele, basi. Nimetembea porini miaka mingi na .375 H&H, risasi ya mwaka 1912 na mpaka leo inafanya kazi yake. Hayo mareli sijui ya nini.

Chalii_wa_Njiro:
Shikamoo mzee. Nashukuru ila siuzi. Mangi, ni ya bolti (ya kukoki kwa mkono), risasi .308, chasisi ya alumini, yaani kitako cha alumini badala ya mbao. Umbali mita 100, mara nyingi pungufu.

Mzee_wa_Simanjiro:
Marahaba kijana.

Mangi_Kibosho:
Na kuegemea?

Sakina_Raifo:
Weka kwenye reli mwanangu usijisumbue. Bunduki kibao za siku hizi zinafungwa saiti za kukunja, moja risiva moja mwisho wa hendigadi, watu wanapiga vizuri tu. Pia unapata umbali mrefu kati ya saiti mbili na huo ndio unaoleta shabaha. Kumpa fundi mtutu wako aanze kuuchomea ni kutafuta balaa.

Mama_Shabaha:
Sakina, zile nyingi ni za akiba, darubini ikifa mtu apate pa kushikia. Mwenzetu anataka ziwe ndio macho yake ya kila siku, sio kitu kimoja.

Nimefundisha kulenga kwa muda mrefu, ngoja nieleze kwa nini swali la Mangi ndilo lenyewe. Frii-floti ipo ili mtutu usisumbuliwe. Ukivuta mkanda, ukilaza kwenye mfuko wa mchanga, ukiegemeza baipodi, ile nguvu inaishia kwenye hendigadi na mtutu unabaki ulivyo. Mwenye darubini juu ya risiva anafaidi kabisa, hendigadi ikipinda kidogo haimhusu. Sasa wewe ukichukua saiti ya mbele ukaipandisha juu ya kile kile kinachopinda, umeirudisha shida kwa mlango wa nyuma. Mtutu haujasogea lakini jicho lako limedanganywa, na risasi inafuata mtutu haifuati saiti.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua saiti imesogea kiasi gani, gawa kwa umbali uliopo kati ya saiti mbili, zidisha kwa umbali wa shabaha. Saiti zako zikiwa zimeachana sentimita 50, ya mbele ikasogea nusu milimita tu, kwa mita 100 risasi imehama sentimita 10. Kwa mita 50 ni sentimita 5. Na mwelekeo wake unajulikana, ukiegemeza ncha ya hendigadi kwenye fimbo inasukumwa juu, saiti inapanda nayo, wewe unashusha mdomo ili zilingane, risasi inapiga chini. Ukivuta mkanda kwa nguvu inakuwa kinyume, hendigadi inashuka, risasi inapanda.

Ndio maana wale wa mashindano ya Marekani wanaotumia AR-15 kwa saiti za chuma na mkanda umekazwa mkononi, saiti yao ya mbele ipo kwenye mtutu, halafu mkanda unavuta bomba la frii-floti lililofichwa chini ya hendigadi ya kawaida. Mkanda hauugusi mtutu na hauigusi saiti. Hapo ndipo faida yote ilipo.

Sakina_Raifo:
Dada hiyo nusu milimita umeipata wapi lakini. Hendigadi nene ya alumini iliyofungwa sawasawa huwezi kuikunja kwa mkono hivyo. Na saiti za chuma zenyewe jicho la mtu wa kawaida kwa mita 100 linayumba sentimita ngapi? Tunabishana kitu ambacho hata hakionekani kwenye karatasi.

Mama_Shabaha:
Zipo ngumu kaka sikatai, na zipo nyembamba ndefu zimetobolewa matundu kila mahali ili ziwe nyepesi. Ya kwake hatujaiona. Jicho likiyumba linatawanya risasi kuzunguka katikati. Hendigadi ikipinda inahamisha katikati yenyewe, na kila ukibadilisha mkao inahama upya. Ukipiga ziro (kuseti saiti zilingane na risasi inapopiga) umelaza kwenye mfuko halafu porini ukasimama na fimbo, ziro yako sio ile.

Fundi_Moshi:
Niseme upande wa ufundi maana naona mtutu unaogopwa kupita kiasi. Kuweka saiti kwenye mtutu kuna njia kama tatu. Kuna kutoboa na kuweka skrubu, hii mimi siipendi, mdomoni ukuta wa mtutu unaweza kuwa mwembamba na ukizidisha tundu kidogo umeua kitu. Kuna kuunga kwa solda laini ile ya bati inayoyeyuka kwenye nyuzi 200 na kitu, hii ni ya zamani na ni nzuri, joto lake halisumbui chuma. Usikubali mtu aunge kwa fedha kwenye mtutu, ile inataka zaidi ya nyuzi 600 na hapo chuma kinaanza kubadilika tabia. Ya tatu ni pete ya kubana inayovaa kwenye mtutu kwa skrubu za pembeni, haitoboi haichomi, ila lazima ipimwe kwa kipenyo halisi cha mtutu pale itakapokaa, maana mtutu unaenda ukipungua kuelekea mdomoni. Ukibana pete isiyo saizi itazunguka ukishapiga risasi kadhaa.

Na ukiweka chochote kwenye mtutu ujue uzito umeongezeka mbele, risasi zitahamia sehemu nyingine. Hiyo sio kosa, unapiga ziro upya na inabaki hapo.

Mzee_wa_Simanjiro:
Fundi umesema vizuri sana. Sasa niwape kisa muone kwa nini nachukia hayo mareli.

Kulikuwa na mteja, sitasema wa kampuni gani wala nchi gani, alikuja na raifo ya .308 yenye hendigadi kama hiyo ya kijana, saiti ya mbele kwenye reli. Kambini alipiga karatasi kwa mita 100 ameilaza kwenye begi, safi kabisa, nikamwambia sawa. Kesho yake tukapanda gari asubuhi sana, barabara mnaijua ile, mawe na makorongo, bunduki iko kwenye raki haina hata mfuko. Mchana tukamkuta swala granti dume mzuri, upepo wetu, kama mita 90. Nikamwekea fimbo, akaegemeza ile ncha ya mbele kabisa ya hendigadi akalaza uzito wake wote pale. Akapiga. Mnyama akaruka akaondoka kwa miguu mitatu. Risasi imeenda chini, mguu wa mbele.

Tulifuata damu mpaka jua linataka kuzama, trakaa wangu (mfuata nyayo) mtu mzima anainama kwenye mawe anatafuta tone moja moja, mimi moyo unaniuma kwa sababu mnyama anateseka na hakuna kosa alilofanya. Tulimmaliza lakini sikufurahi hata kidogo. Kambini usiku nikaishika ile raifo nikaizungusha hendigadi kwa mkono, inacheza! Skrubu zake mbili zimelegea kwa mtikisiko wa barabara. Kwahiyo ilikuwa inazunguka na tena inapandishwa na fimbo. Mtutu hauna tatizo lolote, saiti ndio imekaa juu ya kitu kinachocheza. Aliyemfungia huko kwao hakuweka hata gundi ya skrubu. Mnyama ndiye aliyelipa.

Sakina_Raifo:
Pole mzee. Lakini hapo kosa ni skrubu sio reli. Loctite ya bluu (gundi ya skrubu) na spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, kwisha habari.

Mzee_wa_Simanjiro:
Saiti iliyoungwa kwenye mtutu haihitaji spana ya torki porini kijana.

Chalii_wa_Njiro:
Asanteni sana nimejifunza mengi. Kuhusu kuegemea, mara nyingi fimbo, uwanjani natumia mkanda. Hendigadi ni nyembamba kiasi, ya matundu.

Mangi_Kibosho:
Ungeanza na hilo tungeshalala! Fimbo na mkanda vyote vinasukuma hendigadi, tena kila kimoja upande wake. Mimi ni mtutu.

Fundi_Moshi:
Kabla ya kulipia chochote fanya kipimo. Hakikisha haina risasi, angalia mara mbili, kisha toa bolti. Funga risiva kwenye jiliwa yenye ngozi au mbao, ishikwe na risiva usibane hendigadi. Chungulia ndani ya mtutu toka nyuma, uweke katikati ya kitu cha mbali, nguzo ya umeme au kona ya paa. Halafu azima saiti yoyote ya reli hapo dukani uifunge mbele, tazama saiti zinagusa wapi kwenye hiyo nguzo. Sasa mwenzako ainue ncha ya hendigadi kwa nguvu kama ya fimbo, kisha aivute chini kama mkanda. Tundu la mtutu likibaki pale pale na saiti zikahama, umeona kwa macho yako na kiasi umekiona. Zisipohama, Sakina kashinda.

Sakina_Raifo:
Hiki kipimo nakikubali. Na mimi nitaifanyia yangu.

Olasiti_77:
Samahani naingilia, mimi nina miaka 50 na kitu, saiti ya V siioni tena, ukungu mtupu. Ya tundu inasaidia?

Mama_Shabaha:
Inasaidia sana. Ukitazama kupitia tundu dogo huhitaji kuliona tundu lenyewe vizuri, jicho linajikalia katikati, wewe unakazana na saiti ya mbele tu. Na inakaa nyuma karibu na jicho, kwahiyo unapata umbali mrefu kati ya saiti hata bila kusogeza ya mbele.

Mzee_wa_Simanjiro:
Tundu kwenye kichaka kizito jioni linakuwa giza. V ndio V.

Mama_Shabaha:
Shikamoo mzee, tundu pana la porini haliwi giza, lile dogo la uwanjani ndilo linaloleta giza.

Mzee_wa_Simanjiro:
Marahaba mwanangu. Nyati akitoka mita 15 hutatafuta tundu.

Mangi_Kibosho:
Na kwa .308 nyati asitajwe kabisa jamani.

Olasiti_77:
Hiyo ya tundu pana naipata duka gani hapa Arusha, na inakaa kwenye risiva ya Mauser bila kutoboa?

Chalii_wa_Njiro:
Jumamosi napima kama fundi alivyosema, rafiki yangu wa Ngaramtoni ana jiliwa kubwa. Duka nimewaambia wasubiri kidogo. Fundi, hiyo pete ya kubana, kipenyo napima kwa kalipa ya kawaida au inatakiwa kitu kingine?

Fundi_Moshi:
Kalipa inatosha, ila pima sehemu mbili, pale pete itakapoanzia na pale itakapoishia. Niandikie namba zote mbili.