Tupeane uzoefu: kushusha gari la wazi hapa Mombasa bila kuharibu ulaini wake

Roda_wa_Tudor

Assalam aleikum wanajamvi, na hamjambo nyote.

Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ile iliyoingia sokoni 1998, ya paa la turubai. Huu ni mwaka wa tatu niko nayo. Nikiiegesha Kizingo na kuitazama kwa ubavu, nafasi kati ya tairi na bodi inaingia ngumi nzima, na moyo wangu hautulii. Nataka kuishusha. Ila jioni hutoka na mke wangu, paa wazi, tukala mihogo Mama Ngina, na mgongo wake hauwezi gari la kurusha.

Mafundi niliowauliza wengi wamezoea kazi ya kinyume, kuinua magari kwa spesa yapite kwenye matuta na mashimo. Kwa hivyo naomba waliofanya wenyewe waseme: uliweka nini, ulishusha kiasi gani, na baada ya mwaka gari lilikuwaje? Hata aliyejuta aseme.

Mzee_Makupa

Waaleikum salaam kijana wangu. Wacha nianze mimi, maana yangu yalikuwa mabaya.

Langu lilikuwa kizazi cha kwanza, lile la taa za kuchomoza. Fundi aliniambia kununua springi fupi ni kutupa pesa, akazikata za kiwandani kwa grainda, duru moja na nusu kila pembe. Kwa macho lilipendeza kweli. Siku hiyo hiyo nikatoka Changamwe kuja kisiwani, na kila kiraka cha lami kilinifika kiunoni.

Nilidhani ni ugumu wa springi. Springi ikikatwa huongeza ugumu kidogo, lakini si hapo palipokuwa na shida. Shoki inahitaji nafasi ya kupanda gurudumu likikutana na tuta, na nafasi hiyo nilikuwa nimeimaliza. Gari lilikuwa limekalia zile raba za kikomo zinazovikwa kwenye fimbo ya shoki ili chuma kisigonge chuma. Magari haya nafasi ya juu ni ndogo tangu kiwandani, ukiipunguza ovyo unaendesha juu ya raba.

Tena gari la wazi lina lake. Gari la paa la chuma ni sanduku lililofungwa. Letu halina kifuniko, likipigwa kwa chini linajipinda. Wiki chache tu fremu ya kioo cha mbele ikawa inatetemeka mbele ya macho yangu, dashibodi inalia, mlango wa dereva unasugua. Mwezi wa sita shoki zote nne zilikuwa zinavuja mafuta. Nikarudisha springi nzima na shoki mpya.

Na wale wanaochoma springi kwa gesi ilegee, usiwakaribie kabisa. Chuma kile kikipata moto namna hiyo kinapoteza ukakamavu wake, na hujui kitakatikia wapi.

BintiNyali

Shikamoo mzee, pole sana kwa hayo.

Mimi nilinunua vitu sahihi na bado nusura nikate tamaa. Gari ni kama la Roda. Niliweka springi za kushusha milimita 25, shoki zilizotengenezwa kwa springi fupi, na raba za kikomo mpya, fupi na laini kuliko za mwanzo. Lilipotoka gereji lilikuwa gumu kama mkokoteni. Nikarudi mara mbili, nikaambiwa nizoee, springi zitakaa zenyewe.

Mwezi wa pili nikapelekwa kwa fundi mwingine, mtu mzima wa Majengo. Hakugusa springi. Aliuliza swali moja tu: bolti za mikono, yale machuma yanayounganisha magurudumu na gari, zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, au limesimama kwa magurudumu yake? Sikujua. Akaniita chini ya gari akanionyesha. Bushi ya mpira, ile ya kwenye maungio ya mikono, haizunguki kama bawaba. Mpira umeshikana na chuma cha ndani na cha nje, mkono ukipanda au kushuka mpira unajisokota kisha unarudi. Ukikaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, halafu ukateremsha gari chini, kila bushi inakaa imesokoteka muda wote. Inafanya kazi ya springi ambayo hukuinunua, na inachanika kabla ya wakati wake.

Akalegeza bolti zote, akaweka gari juu ya mbao nne likiwa limekanyaga magurudumu yake, akalisukasuka likakaa, ndipo akakaza. Saa tatu za kazi, hakuna kifaa kipya hata kimoja. Nilipovuka daraja la Nyali jioni ile, vile viungo vya daraja nilivyokuwa nikivingojea kwa meno kuumana vilipita, na mimi nilikuwa bado navingoja. Nilimpigia simu kumshukuru nilipofika nyumbani.

Sasa ni mwaka wa nne. Mamangu ana miaka 71, hukaa kando yangu paa wazi mpaka Mtwapa, hajalalamika.

Roda_wa_Tudor

Bi Nyali, hili la bushi hakuna fundi aliyenitajia. Hizo milimita 25 ulizipimaje, kutoka chini mpaka bodi?

BintiNyali

La, usipime kutoka ardhini. Tairi hubadilika kwa upepo na kwa kuchakaa. Pima kutoka katikati ya gurudumu, wima, mpaka ukingo wa bodi. Pembe zote nne, tangi likiwa nusu, uandike kabla fundi hajashika spana. Mimi pembe moja ilitofautiana na mwenzake kwa milimita 9 hata kabla ya kushusha, springi ilikuwa imechoka.

Zed_wa_Bamburi

Yangu ni fupi. Nina BMW Z4 ya 2006. Nilikuwa nimeshatenga pesa za koilova, yaani springi na shoki za pamoja ambazo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha nati, na wakati huo huo nalalamika kwamba gari linagonga. Jamaa akaniambia tazama tairi kwanza. Z4 za kizazi kile zilitoka na tairi za ranifleti, zile zinazotembea hata upepo ukiisha kwa sababu kuta zake ni nene na ngumu. Nikaweka za kawaida, saizi ile ile. Tofauti niliisikia kabla sijafika Bombolulu. Baadaye nikashusha milimita 20 kwa springi tu, na hadi leo ni laini kuliko lilivyokuja. Kitu kimoja: halikuja na tairi ya spea, kwa hivyo natembea na pampu na dawa ya kuziba.

Roda, na wewe soma kibandiko cha upepo. MX-5 za vizazi viwili vya kwanza zinataka psi 26. Ukiingia kituo cha mafuta ukasema "niangalizie upepo", mara nyingi utatoka na 35, kisha utalaumu springi.

Ukunda_kila_siku

Mnaongelea lami tu, hakuna aliyetaja feri ya Likoni.

Nakaa Ukunda, kazi yangu mjini. Nilifunga koilova nikashusha milimita 45, kwa sababu nati zilikubali kufika huko. Wiki mbili nilipanda feri bila tatizo, maji yalikuwa hayapwi sana. Ikaja bamvua. Maji yamekupwa kabisa, feri imekaa chini, njia ya zege imekuwa mteremko mkali, na pale mlango wa feri unapokutana na zege pakatokea kona. Magurudumu ya mbele yakapita, tumbo likakalia kona. Abiria wa miguu ndio walioninyanyua, Mungu awalipe, magari nyuma yangu yakipiga honi. Bomba la egzosi lilichanika kwenye kiungo.

Wiki ile ile nikapandisha mpaka 25. Siku hizi bamvua ikifika huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, lakini siku nyingine zote ni feri, na 25 inapita.

Kuhusu koilova zenyewe, uliza kabla hujalipa. Kuna zile ambazo unashusha gari kwa kushusha kikombe cha springi, na nafasi ya shoki inapungua kila unapozungusha. Halafu kuna zile ambazo kitako cha chini cha shoki kinarekebishwa kivyake, gari linashuka na shoki inabaki na safari yake. Za kwanza ndizo nilizonunua, na Mzee Makupa ameshaeleza mwisho wake.

Na chumvi jamani. Upepo wa bahari haubagui. Mwaka wa kwanza thredi za upande wa kulia ziliganda, nati ikakatwa kwa grainda. Sasa kila wiki mbili napiga maji matamu pale, naacha pakauke, napaka grisi.

Msumari_wa_Mikindani

Nafanya kazi ya alainmenti, kunyoosha magurudumu, naongeza moja tu. MX-5 inarekebishika mbele na nyuma, kwa bolti za kuzungusha zilizo kwenye mikono ya chini. Gari likishashushwa ni lazima zizungushwe, la sivyo tairi italiwa upande wa ndani nawe huoni kwa sababu uko nje. Kwa gari la miaka ishirini la hapa pwani, bolti hizo mara nyingi zimeshikana kwa kutu na bomba la ndani ya bushi. Jaribu kuzizungusha KABLA ya kununua springi. Zikikataa, pesa ya kwanza ni ya bolti na bushi. Nimewarudisha watu nyumbani na springi mpya ndani ya buti. Taa za mbele pia zielekezwe upya.

Roda_wa_Tudor

Nimesoma yote mara mbili, shukrani sana. Leo asubuhi nimepima: mbele 368 na 366, nyuma 372 na 371. Upepo ulikuwa 34, nimeushusha mpaka 26, na mke wangu ameuliza nimebadilisha nini.

Bolti za mikono ya nyuma zinazunguka, mbele kulia imekataa katakata. Naagiza bolti na bushi za mbele kwanza, springi zingoje mwezi ujao, na zitakuwa za milimita 25, si zaidi. Kabla ya hapo nimekata kipande cha sponji ngumu cha unene huo, nitakifunga kwa waya chini ya egzosi, pale gari lilipo karibu zaidi na ardhi. Ukunda, niambie siku ya bamvua maji yatakapokupwa, nivuke nawe Likoni nione kama sponji itabaki nzima.