Jumapili moja Kisumu, watu watatu, elfu tatu: tuanzie wapi?

MamaKijana_Nax
Wadau wa Kisumu naomba mnisaidie. Jumamosi tuko na sherehe ya mahari upande wa Ahero, tunalala kwa jamaa, alafu Jumapili yote iko wazi mpaka jioni ndio tupande matatu ya kurudi Nakuru. Tuko watatu, mimi, kijana wangu wa gredi ya nne na mama mkwe, magoti yanamsumbua lakini ukimwacha nyuma hiyo kesi hutaimaliza mwaka huu. Bajeti ni elfu tatu, nauli ya kurudi nimeweka kando. Kijana anataka kiboko na simba, shosho anataka kuona ziwa na ale samaki, mimi nataka tu pesa isiishie kwa tuktuk. Na tafadhali msinitume mall, mall ziko Nakuru.

wuod_nam
Karibu sana. Anza na ziwa asubuhi, usiache iwe ya mwisho vile wageni hufanya. Mkiweza kufika Dunga, ule ufuo wa wavuvi, saa moja na nusu mtapata maji yametulia, mchana upepo unaingia na mawimbi yanaanza, na huku mvua ya radi hupenda kushuka jioni jioni, sasa mtu akikuuzia boti ya saa kumi na moja angalia mawingu kwanza. Asubuhi hiyo unaona wavuvi wakirudi, mbuta na ngege wanashushwa, wamama wanabishania bei hapo hapo kwa mizani, na kuangalia hakuna tiketi.

Boti sasa. Uliza KABLA hujakanyaga ndani: hiyo bei ni ya boti yote ama ya kila mtu, ni dakika ngapi, na laifu jaketi ya mtoto iko? Jumapili hukosi familia ingine inatafuta wa kugawana nayo, unganeni. Kama gugu maji limefunga upande huo wacha boti kabisa, utalipa ukae mita ishirini kutoka ufuoni mkisukuma majani. Na kiboko hakuna mtu wa kukuahidi, wako, lakini si karani wa kaunti eti lazima aripoti saa mbili. Kijana ajue hivyo mapema.

Simba wako Impala, ile hifadhi ndogo ya wanyama, ni karibu na Dunga, tuktuk moja inawafikisha. Wako kwa kizimba lakini swala wanazunguka wenyewe nje. Lipa kwa eCitizen mkiwa bado nyumbani juu hawachukui kashi pale langoni, na ubebe kitambulisho ulipe bei ya raia.

Nyar_Kolwa
Hapo kwa boti NA Impala mimi nakataa. Dada ukifanya zote mbili na hiyo elfu tatu, samaki mtamnusa tu. Chagua moja. Mimi ningechukua boti na mchana nipeleke watu Kisumu Museum, iko wazi Jumapili, ni barabara ya Nairobi kwa hivyo matatu za Nyamasaria na Ahero zinapita hapo, huhitaji tuktuk. Kuna nyumba ya nyoka, kuna mamba, na simba pia yuko, ni wa kukaushwa lakini amemrukia nyumbu mgongoni, mtoto wangu alikataa kutoka hapo.

Na mwambie shosho aende nyuma kwa ile boma ya Kijaluo wamejenga, ya mzee mwenye wake watatu. Nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inaangalia lango moja kwa moja, za wale wengine ziko kando, simba (si mnyama, ni nyumba ya kijana mkubwa) iko huko karibu na lango, maghala, zizi la ng'ombe, yote ya saizi ya kweli unaingia ndani. Kama mmetoka kwa mahari jana yake hapo ataongea saa nzima, na kuna miti ya kukaa chini yake magoti yapumzike.

boda_na_barabara
Watu mnaenda mbali kuona ziwa na hamfiki Kit Mikayi?? Mawe yamepandana mpaka juu, watu huenda kuomba kwa zile pango, ni kama kilomita thelathini tu kutoka tao. Alafu unapitia Maseno unapiga picha kwa ikweta, bure.

Nyar_Kolwa
@boda_na_barabara umesoma magoti ama umeruka? Na hizo hazipitiani, mkifika Kisian barabara zinaachana, Kit Mikayi ni ya Bondo, Maseno ni ya Busia. Nauli mara mbili, watu watatu. Hiyo ni safari ya siku ingine na watu wengine.

mzee_wa_reli
Mkiwa na nusu saa tao, pitieni Oginga Odinga Street muone mnara wa saa wa 1938. Na kijana aambiwe reli ilifika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence, jina la mke wa Preston aliyekuwa akisimamia kutandaza reli. Haigharimu kitu.

Soko la Kibuye pia Jumapili ndio yenyewe, mitumba, omena, vyungu, kila kitu, lakini na magoti na mtoto mimi singeingia ndani sana. Simu weka mbele.

MamaKijana_Nax
Asanteni jamani, ero kamano. Sasa nimepanga Dunga asubuhi, boti kama tutapata wa kugawana, museum mchana. Impala kijana nimemwambia ni Disemba, amenuna. Samaki tule wapi? Mtu aliniambia Lwang'ni.

wuod_nam
Zile hoteli za zamani za Lwang'ni zilibomolewa, huyo alikuja kitambo. Kuleni hapo Dunga kabla mtoke. Chagua samaki mwenyewe akiwa mbichi, macho yawe maangavu na shavu ndani jekundu, uambiwe bei kabla aingie kwa mafuta, alafu muende boti akipikwa, juu kuna siku unangoja karibu saa nzima. Mmoja mkubwa wa mchuzi na ugali anawatosha nyinyi watatu, mtu asikudanganye kila mmoja achukue wake. Shosho mwitishie na osuga, ile mboga ya managu.

MamaKijana_Nax
Shosho anauliza kama kuna choo huko.

Nyar_Kolwa
Kiko. Beba tishu na pesa ndogo ndogo.