Kuuliza andiko linasemaje sasa ni "kumgusa mpakwa mafuta"? Tumefika huku!

Wapendwa, leo sina upole. Nimemfuata mchungaji baada ya ibada, pembeni, kwa adabu zote, nikamuuliza swali moja: mtumishi, ule mstari wa leo, sura yenyewe mbona inazungumzia jambo jingine? Sikujibiwa. Nikaambiwa nina roho ya ukosoaji. Jioni mzee wa kanisa akanipigia simu kunionya: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Eti nije niombewe. Niombewe kwa kosa la kusoma Biblia!

Haya, tuanze na hilo hilo rungu lao. Zaburi 105:15. Nani kati ya wanaolirusha amewahi kuisoma Zaburi yenyewe kuanzia juu? Inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru. Ni ulinzi wa wanyonge dhidi ya wenye mamlaka. Leo mwenye mamlaka, mwenye kipaza sauti na mwenye kiti cha mbele ndiye anayejifunika nao dhidi ya mshirika aliyeuliza swali!

Na yule aliyeogopa kweli kumgusa masihi wa Bwana ni Daudi. Mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda, aliingia pangoni, Daudi akakataa kumwua, akaishia kukata pindo la vazi lake. Sawa. Lakini endeleeni kusoma 1 Samweli 24: Daudi alitoka nje ya pango, akapaza sauti, akamwambia Sauli ubaya wake mbele ya askari wake. Hakunyamaza. Halafu Daudi naye alipokuwa mfalme, mpakwa mafuta halisi, nabii Nathani alimkemea kwa dhambi yake, "Wewe ndiwe mtu huyo," na hakuna aliyempeleka Nathani kuombewa. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, mbele ya wote. Na 1 Timotheo 5:19-20 inaweka utaratibu kabisa: mashitaka dhidi ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Andiko linamlinda mchungaji na majungu. Maswali halikuyazuia.

Watu wa Beroya ndio wanaonimaliza. Matendo 17:11, "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Mhubiri wao alikuwa nani? Paulo! Mtume mwenyewe. Na Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi walikuwa waasi, anasema walikuwa waungwana. Sasa mhubiri wetu wa leo ana cheo gani kinachompita Paulo hata asipimwe? Tena Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba hata yeye mwenyewe, au malaika kutoka mbinguni, akihubiri injili nyingine, na alaaniwe. Alijitia mwenyewe ndani ya kipimo.

Mahubiri yenyewe yaliyoniwasha yalikuwa ya mbegu, yaani toa sadaka ili uvune baraka. Mnayajua. 2 Wakorintho 9:6, "apandaye haba atavuna haba." Mstari ukasomwa mara moja, Biblia ikafungwa, na kilichofuata ni saa nzima ya: taja tatizo lako, taja kiasi, panda kinachokuuma, mlango utafunguka kabla mwezi haujaisha. Mwambie jirani yako, "Mbegu yangu inaongea!" Watu wakaongea. Mama mmoja alikuwa analia huku anafungua pochi, na namjua hali yake.

Nikafungua sura ya 8 na ya 9 palepale nilipokaa. Ile fedha ilikuwa ya nani? Ilikuwa changizo kwa ajili ya watakatifu wenye mahitaji kule Yerusalemu. Makanisa ya mataifa yanawasaidia ndugu maskini wa mbali ambao hata hawajawaona. Paulo anasema lengo ni usawa, wingi wa hawa usaidie upungufu wa wale. Anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Na kwenye 8:18-21, sehemu ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa hata siku moja, anaeleza kwamba hataki kuishika fedha hiyo peke yake. Wanatumwa ndugu wengine wanaoaminika na makanisa waende nayo, ili mtu asije akawalaumu. Kwa hiyo hapo ndani mna maskini wanaopokea, hiari ya mtoaji, na uwazi wa mahesabu. Vyote vitatu vimetupwa, ikabaki mbegu. Hata mavuno: 9:8 na 9:11 zinasema Mungu huwajaza neema mpate kuzidi katika kila tendo jema na kuwa wakarimu. Unapewa ili utoe. Kwetu imekuwa unatoa ili upewe.

Mtu akiniambia hilo ni tofauti ya ufafanuzi tu, anikome. Mstari umegeuzwa kinyume: uliandikwa ili tajiri amsaidie maskini, sasa unamkamua maskini.

Mingine mnaijua, sitakaa sana. Yeremia 29:11 ya kuandikwa kwenye vikombe, ile ya "mawazo ya amani", ilitumwa kwa mateka waliopo Babeli, na mstari unaoitangulia unawaambia wangoje miaka 70. "Nayaweza mambo yote" ya Wafilipi 4:13 iliandikwa na mfungwa aliyetoka kusema amejifunza kushiba na kuona njaa. 3 Yohana 2 ni salamu za barua kwa Gayo, kama sote tunavyomtakia mtu heri na afya njema. Kuna watu wamejenga huduma nzima juu ya salamu.

Halafu kuna kosa linalopita bila mtu kugutuka kwa sababu halihusu pesa. Utatu unafundishwa kwa mfano wa maji, barafu na mvuke: kitu kimoja kinachobadilisha umbo. Kanisa zima, Amina! Hayo ndiyo mafundisho ya Sabelio, mwalimu wa zamani aliyesema Baba, Mwana na Roho ni sura tu za mmoja yule yule, na kanisa liliyakataa tangu karne ya 3. Maana kama Mwana ni Baba aliyejigeuza, Yesu alikuwa anamwomba nani kule Gethsemane? Mwingine anasema Yesu alipokuja duniani aliuacha uungu wake mbinguni. Viongozi wa kanisa walikaa kwenye mabaraza ya Nikea mwaka 325 na Kalkedoni mwaka 451 wakibishana kwa jasho juu ya Kristo ni nani, Mungu kweli na mtu kweli, na sisi tunaiuza ile imani kwa sababu mhubiri ana sauti nzuri.

Kinachonikera kuliko wahubiri ni sisi wasikilizaji. Uliza mtu mahubiri yalikuwaje. "Leo mtumishi aliwaka!" Alisema nini? "Yaani upako ulikuwa mzito!" Ndiyo, alisema nini? Kimya. Ukibana sana unaambiwa lakini watu wanapona, lakini unabii unatimia. Someni Kumbukumbu la Torati 13:1-3. Nabii anatoa ishara, ishara INATOKEA, na bado Mungu anasema msimsikilize, kwa sababu anawaelekeza kwa miungu mingine.

Nisieleweke vibaya. Mchungaji akikosea namba ya mstari au akichanganya majina ya wafalme wa Israeli na Yuda, huo si uzushi. Ubatizo wa watoto, kunena kwa lugha, mambo ya nyakati za mwisho, makanisa yametofautiana humo na bado ni ndugu. Na nyie mnaosambaza vipande vya sekunde 30 vya mahubiri mkipiga kelele "nabii wa uongo!" bila kusikiliza yaliyotangulia, mnafanya dhambi ile ile ya kuchomoa mstari.

Najua watakuja wa "Msihukumu." Mathayo 7:1, karibuni. Shukeni hadi 7:15, sura hiyo hiyo, Yesu huyo huyo: jihadharini na manabii wa uongo. Nitajihadharije nao bila kuwapima? Na kwenye Yohana 7:24 anasema "ifanyeni hukumu iliyo ya haki." Watakuja pia wa "wewe muombee tu mchungaji." Namuombea, jina lake nalitaja kila siku. Swali langu bado halijajibiwa.

Sasa nisaidieni, hasa wazee wa kanisa na wachungaji mliomo humu. Kwenu mshirika akiwa na swali juu ya mahubiri analipeleka wapi? Kuna kusanyiko lolote linaloruhusu maswali katikati ya wiki, Biblia zikiwa wazi mezani, na mhubiri yupo? Kama lipo niambieni linaendeshwaje, maana nimeambiwa nisikanyage tena darasa la Biblia mpaka "nikae sawa".