Mikindani: nyumba za mawe zilindwe kwa sheria, au mwenye mali aachwe ajenge?

Kuchele Asubuhi:
Wakuu, salaam. Juzi nimepita Mikindani, hapa kwetu Mtwara, nyumba nyingine ya mawe imeshushwa, mwenyewe anapanga bloku. Sikumlaumu lakini iliniuma. Mji ule majahazi yalikuwa yanatia nanga tangu enzi na enzi, wakati Mtwara Mjini tumekuja kuijua kwa bandari ya mradi wa karanga wa Mwingereza. Swali langu: Serikali izuie watu kubomoa, au kila mtu na chake? Pia naona tuwe na siku moja kwa mwaka ya kuusherehekea mji: mashindano ya ngalawa, ngoma ya sindimba, mashairi, ming'oko (vile viazi vyetu vya porini). Wenzetu Lindi hawana cha kuhifadhi, sisi tunacho na tunakiangalia kinaanguka.

Mrithi wa Nne:
Mimi nina nyumba huko, au tuseme nina kipande cha nyumba. Ni ya babu. Warithi wengine wako Dar, wengine Zanzibar, shangazi mmoja hataki kuuza wala kukarabati wala kusikia. Mvua ikinyesha napigiwa simu mimi kwa sababu niko karibu. Sasa mnaosema "Serikali izuie", mtazuia na paa lisianguke?

Binti wa Lindi:
"Lindi hawana cha kuhifadhi." Kaka Kuchele, umeisoma hiyo sentensi kabla hujaituma? Kilwa iko mkoa gani? Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 nyie Mtwara mlikuwa nani? Halafu yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru kwetu Lindi, ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin, alitoka kwa nani?

Korosho Ghafi:
😂😂 Mjusi ametajwa, uzi umekwisha.

Fundi Chokaa:
Niseme la kazi yangu. Nyumba zile zinauawa na saruji kuliko zinavyouawa na nyundo. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unanyonya unyevu na kuutoa. Mtu akiona nyufa anapiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani na chumvi yake, baada ya misimu kadhaa plasta inabanduka na jiwe. Dari nako boriti za mikoko, na mikoko hukati bila kibali. Chokaa ya kuchoma matumbawe nayo ni kuua bahari. Kwa hiyo mkitaka mtu asibomoe, mwambieni kwanza chokaa na boriti atapata wapi kwa bei anayoiweza. Bila hapo mnapoteza muda.

Mzee wa Panton:
Mjusi si wa Lindi, ni wa Tanzania. Na Kilwa ni ya Kilwa. Muulize Mkilwa kama yeye ni Mlindi uone atakavyokujibu. Turudi Mikindani. Lile boma la Mwingereza lilikarabatiwa likawa hoteli, kazi ikapatikana. Huo ndio mfano.

Binti wa Lindi:
Shikamoo mzee. Boma la Mjerumani, mzee wangu. 1895. Waingereza ni wale wa shirika la hisani la Trade Aid waliokuja kulikarabati miaka ya tisini. Na Mkilwa akienda ofisi ya mkoa anapanda basi kuja Lindi, haendi Mtwara. Isitoshe enzi za mkoloni makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa kwetu Lindi, mkayahamishia Mtwara.

Mzee wa Panton:
Marahaba. Mjerumani au Mwingereza, wote walikuja na bunduki. Nilichosema ni hoteli.

Makonde Asilia:
Mimi nimeganda kwenye sindimba. Mikindani ni mji wa pwani, wa maulidi na majahazi. Sindimba ni yetu Wamakonde. Kila sherehe ya Mtwara mnatuita tukatikise kiuno mbele ya wageni, ikiisha tunaitwa watu wa bara. Mkitaka utamaduni wa Mikindani chezeni wa Mikindani.

Kuchele Asubuhi:
Ndugu yangu, robo tatu ya watu wa Mikindani leo wana bibi mmoja Mmakonde. Nilitaka kuunganisha.

Makonde Asilia:
Robo tatu umeihesabu lini?

Mwanasheria Mtaani:
Sheria ipo, tatizo hamjaisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo mpaka Waziri atangaze. Nyumba nyingi mnazozililia Mikindani ni za mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na boma lenyewe ni la 1895. Ila milango ya kuchonga inalindwa ikiwa imechongwa kabla ya 1940. Kwa maneno mengine, mlango una haki kuliko nyumba iliyoubeba.

Korosho Ghafi:
Kumbe! Ndiyo maana mlango unaondoka usiku na nyumba inabaki.

Mrithi wa Nne:
Wa kwetu uliondoka mchana, tena kwa mkokoteni. Shangazi anasema hajui.

Mwana Tendaguru:
Nimechelewa ila la mjusi sitaliacha lipite. Watu wanalisema kama utani. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa, na ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu wetu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Kule Berlin mjusi kasimama mita 13 na ushee, watu wanalipa kiingilio. Lindi tumebaki na nini? Huo nao ni urithi wa pwani, na wabebaji wake hawana hata kibao.

Mzee wa Panton:
Akirudi mtamweka wapi? Soko Kuu?

Mwana Tendaguru:
Mzee, hilo swali ndilo wanalouliza Wajerumani.

Korosho Ghafi:
Gesi imekwenda Dar kwa bomba, mjusi yuko Berlin, korosho inabanguliwa India. Kusini sisi ni ghala tu, ufunguo anao mtu mwingine.

Binti wa Lindi:
Hapo Korosho umesema. Mimi nataka nakala kamili ya mjusi pale Lindi mjini, na majina ya wabebaji yanayojulikana yaandikwe chini yake. Mifupa yenyewe wabaki nayo kama hatuna chumba kisicho na unyevu, lakini wagawane kiingilio.

Makonde Asilia:
Nakala? Dada, ukiibiwa mbuzi unaomba picha yake?

Binti wa Lindi:
Wewe endelea na kiuno chako.

Makonde Asilia:
Hayo ndiyo niliyoyasema mwanzo! Mmeona? Mmeona wakuu?

Kuchele Asubuhi:
Jamani, mada ni Mikindani. Kuna mtu amemjibu Fundi kuhusu chokaa?

Fundi Chokaa:
Hakuna.

Mwanasheria Mtaani:
Chokaa si suala la kisheria.

Mwana Tendaguru:
Kuchele, wewe ndiye uliyeandika kwamba Lindi hatuna cha kuhifadhi. Hiyo umeifuta au bado?

Kuchele Asubuhi:
Ilikuwa namna ya kusema tu.

Binti wa Lindi:
Basi na sisi tunajibu namna ya kujibu tu. Kesho nafungua uzi wa mjusi, wa Mtwara mnakaribishwa, mje na viti vyenu.

Mrithi wa Nne:
Kabla hamjahama: mwenye mapenzi na nyumba za mawe aje inboksi, nauza kipande changu. Shangazi utazungumza naye mwenyewe.